Dakika Arobaini na Moja za Doma

Dereva wetu anapovunja sheria ya saa, kwenye kompyuta ya ofisi hufunguka ukurasa mwekundu. Unaonyesha namba ya gari, mahali lilipokuwa, saa, na chini kabisa kuna kisanduku cheupe cha maelezo. Humo ndimo msimamizi wa safari anatakiwa aandike kilichotokea, kwa maneno yake, kabla ukurasa haujajifunga. Msimamizi wa safari ni mimi. Nafasi iliyomo si kubwa, sentensi nne au tano hivi. Najua kwa sababu nimeshaijaza mara nyingi sana, nikafuta, nikajaza tena.

Nilipata kazi hii baada ya kukaa nyumbani Ifakara mwaka mmoja na miezi kadhaa nikiwa na shahada ya usafirishaji na ugavi. Kampuni si kubwa. Ina malori yanayobeba mchele na mbao za mitiki kutoka bondeni kwetu kwenda Dar es Salaam, na mengine huenda mpaka Tunduma. Ofisi iko jirani na mashine za kukoboa mpunga, kwa hiyo vumbi la pumba linaingia kila mahali, hata chini ya vitufe vya kompyuta.

Aliyenisemea kwa meneja alikuwa dereva mmoja jirani yetu wa Lumemo. Yeye na marehemu baba yangu walitoka wote upande wa Mahenge, na baba alimwita kaka, kwa hiyo mimi nikamwita baba mkubwa. Alikuwa ameanza kuendesha malori enzi ambazo kuvuka Mto Kilombero ilikuwa ni kusubiri kivuko, siku nyingine kutwa nzima. Nilipokwenda chuo, sanduku langu la bati lilisafiri juu ya magunia ya mchele kwenye lori lake, na mimi nikasafiri mbele, katikati ya kiti, nikiogopa mwendo wote kwamba nimesahau cheti cha kidato cha sita. Alisimamisha gari Sanje, tukiwa bado karibu na nyumbani, akaniambia, "Fungua sanduku, mama, ukitazame, kisha tusafiri kwa amani." Kilikuwepo. Hakunicheka.

Vifaa vilifungwa kwenye malori miezi michache baada ya mimi kuanza kazi. Mteja wetu mkubwa wa Dar alisema hatapakia mzigo kwenye gari lisilo na kifaa. Ni kidude cheusi kidogo chini ya dashibodi, kinachojua gari limewashwa saa ngapi, limezimwa saa ngapi, limekwenda umbali gani na kwa kasi gani. Kila dereva alipewa ufunguo wake wa kugusisha kabla ya kuwasha, ili kidude kijue nani ameshika usukani. Sheria yenyewe ni rahisi kuieleza. Ukiendesha saa nne, pumzika nusu saa kamili, injini imezimwa. Nusu saa ikitimia, taa ya njano inakuwa ya kijani na hesabu inaanza upya. Ukipitiliza saa nne kwa zaidi ya robo saa, unapata alama nyekundu. Alama tatu ndani ya mwaka, huruhusiwi tena kubeba mzigo wa mteja yule. Na kwa kuwa mizigo mingi ya safari ndefu ni yake, maana yake kwetu ilikuwa moja tu: unashuka kwenye usukani.

Siku ya kuwaelezea madereva nilisimama yadi na karatasi zangu mkononi. Walikuwa wamekaa juu ya matairi ya zamani, wengi wao umri wa baba yangu.

"Kwa hiyo sasa huyu binti atajua nilipo kuliko mama watoto," mmoja alisema.

"Wewe usimpe tu mama watoto namba ya huyu binti."

"Dada, nikishuka kuchimba dawa, kinaandika nini? Kinaandika muda tu au na sababu?"

"Chako kitaandika 'dereva amepotea'. Ukienda porini hurudi."

Walicheka, na mimi nikawa nimepoteza ukurasa niliokuwa nasoma. Baba mkubwa alikuwa amesimama nyuma, mikono mfukoni. Alingoja kicheko kipungue.

"Mnacheka," akasema, "lakini tumezika wangapi hapa? Wangapi walilala kwenye usukani kwa sababu tajiri alisema mzigo ufike asubuhi? Mimi nimeshaendesha siku mbili bila kulala, nikawa naona miti inavuka barabara. Angekuwepo mtu wa kumwambia tajiri yule 'hapana, saa zimekwisha', ningemshukuru. Mwacheni mtoto asome karatasi yake."

Nikaisoma. Nakumbuka hilo kuliko mengi, kwamba mtu wa kwanza kuitetea sheria ile alikuwa yeye.

Hata hivyo haikumkaa vizuri. Haikuwakaa vizuri wote waliozoea barabara kwa miaka mingi, na nilikuja kuielewa sababu kwa kuangalia mistari ya safari zao kwenye kompyuta. Vijana walipokea saa nne kama zilivyo. Wakongwe walikuwa na saa zao mwilini. Baba mkubwa alikuwa na desturi ya kulala vipande vifupi. Alipohisi kope nzito alitoka barabarani, akazima gari, akaegemeza kichwa kwenye usukani, akalala dakika kumi na tano au ishirini, akaamka mpya. Alifanya hivyo mara tatu au nne kwa safari. Kwa kidude kile usingizi wa dakika ishirini haupo. Hata ungelala vipande vitano vya dakika ishirini, kwenye hesabu yake hujapumzika.

"Usingizi hauna ratiba, mama," aliniambia siku moja alipopita ofisini kuchukua karatasi za mzigo. "Saa nne asubuhi kinaniambia nilale, na mimi macho makavu kama ya mwewe. Nakaa pale naangalia watu wanauza vitunguu. Halafu saa nane mchana, jua limenipiga usoni na wali umekaa tumboni, ndipo kinanipa kijani: haya, baba, endesha."

"Sasa unafanyaje?"

"Nalala vyangu, kisha nalala na vyake. Ndiyo maana nachelewa siku hizi."

Alama yake ya kwanza ilikuwa haki. Alikuwa anatoka Tunduma, akapitiliza kwa karibu saa nzima kwa sababu alitaka kuwahi nyumbani, kulikuwa na kipaimara cha mjukuu. Alikiri mwenyewe, nami nikaandika hivyo. Ya pili ilikuwa foleni ya mizani. Malori yalikuwa yanasogea hatua kwa hatua, injini ikiwaka, na kidude kinahesabu injini. Niliandika maelezo marefu, na siku hiyohiyo nilikuwa nimeandika mengine marefu kwa dereva mwingine aliyekwama foleni ileile. Meneja aliyasoma yote mawili. Ni mwanamke mkimya wa makamo, hasemi sana, na huenda hilo ndilo lililonifanya nimwogope. Alipita mezani kwangu akaniuliza, "Wewe ni msimamizi wa safari au wakili wa madereva?"

Alitabasamu alipokuwa akisema. Sikuliona tabasamu mpaka nilipolikumbuka wiki kadhaa baadaye. Wakati ule nilichosikia ni swali tu, nikaenda nalo nyumbani, nikala nalo, nikaligeuza upande huu na ule. Je, anajua kwamba yule ni jirani yetu? Anajua kwamba ndiye aliyenisemea? Anadhani nambeba? Alama ya pili ikabaki palepale, kwa kuwa mteja hakukubali hoja ya foleni, na mimi nikajiapia kwamba siku nyingine nitaandika kidogo, na kwa uhakika.

Alhamisi moja, saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri, ukurasa mwekundu ukafunguka. Lilikuwa gari lake, limebeba mbolea kutoka Dar, na nukta yake kwenye ramani ilikuwa katikati ya Hifadhi ya Mikumi, inatembea. Niliitazama ile nukta jinsi mtu anavyotazama mtoto anayevuka barabara. Ilitembea nusu saa nyingine. Ilisimama mjini Mikumi, na muda si mrefu simu ikalia.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba, mama. Kimelia."

"Nimeona."

"Kimelia katikati ya wanyama. Kulia kwangu nyati, kushoto kwangu kibao cha marufuku kusimama. Ulitaka niegeshe, askari wa hifadhi akija nimwambie kidude kimeniambia nilale?"

"Sasa kwa nini uliingia hifadhini na saa zinakaribia kwisha?"

"Hazikuwa zinakaribia. Nilipumzika Doma. Dakika arobaini na moja, kwa saa yangu ya mkononi. Nusu saa ilishapita, nikaongeza na za kwangu."

Nikarudi nyuma kwenye mistari. Doma ilikuwepo. Gari lilizimwa saa saba na dakika ishirini na tano. Lakini mapumziko yalikuwa mawili: moja la dakika ishirini na mbili, jingine la kumi na nane. Katikati kulikuwa na dakika moja injini imewashwa, na nukta imehama kidogo sana, kama upana wa punje ya mchele kwenye kioo.

"Baba mkubwa, uliwasha gari ukiwa Doma?"

"Nilisogea."

"Kusogea vipi?"

"Alikuja mwenzetu na tenki la mafuta, limejaa, linakwenda Zambia. Nafasi hakuna. Nusu ya gari lake iko kwenye lami na mabasi unayajua yanavyokuja pale. Nikasogea mbele, akaingia, nikazima, nikalala. Hata ndoto sikuikatiza."

Kila dereva wa masafa husogea. Hawaambiani, hawapigiani honi. Mmoja akifika na hana pa kuingia, aliyetangulia anawasha, anapanda mbele hatua chache, anazima. Ni kama mtu anavyosogea kwenye benchi kanisani mwingine anapoingia amechelewa. Haachi kusali, na hakumbuki baadaye kwamba alisogea. Ndiyo maana baba mkubwa hakuitazama ile taa alipoondoka Doma. Kwa nini aitazame? Alijua amelala muda gani. Taa ilikuwa bado ya njano, na yeye akaingia hifadhini na karibu saa tatu za barabara ambazo hazikufutwa.

"Utaandika?" akaniuliza.

"Nitaandika."

"Waeleze tu hivyohivyo. Kwamba nilisogea."

Hapo ndipo lilipo kosa langu, na nimelipitia mara nyingi kiasi kwamba naweza kulieleza saa kwa saa. Niliweka kidole juu ya vitufe nikaandika: "Dereva alisogeza gari kumpisha mwenzake." Nikaisoma. Nikawaza: nimeandika kwamba dereva aliendesha wakati wa mapumziko. Si ndilo kosa lenyewe? Huenda nikiandika hivi nampa mteja sababu ya pili. Nikafuta. Nikaandika kwamba mapumziko yalikatizwa kwa sababu za usalama barabarani. Nikawaza: usalama gani, ushahidi uko wapi, namba ya lile tenki ni ngapi? Nikafuta. Nikaandika kwamba jumla ya mapumziko ilikuwa dakika arobaini. Nikakumbuka yeye amesema arobaini na moja. Wakisikia namba mbili tofauti watasema mmoja wetu anadanganya. Nikafuta.

Nikatoa daftari, nikaamua niandike kwanza kwa kalamu. Ilipofika saa kumi na moja nilikuwa na kurasa mbili na kisanduku kilikuwa kitupu. Nikajiambia kesho ipo. Maelekezo yalisema maelezo yaandikwe ndani ya siku moja, nami nilielewa siku moja ni mpaka mwisho wa kazi wa siku inayofuata.

Ijumaa asubuhi nilitaka kumuuliza meneja. Niliinuka mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anaongea na simu. Mara ya pili hakuwa anaongea na simu, lakini mlango ulikuwa umerudishiwa nusu, na nikasimama nje nikijiuliza kama mlango ulio nusu maana yake ni ingia au subiri. Nilirudi kwenye kiti changu. Swali lake la uwakili lilikuwa bado limekaa mezani kwangu kama mtu.

Saa sita baba mkubwa alipita kurudisha karatasi za safari. Alikuwa ameoga, shati safi, macho yamepumzika. Alinisalimu na kuniuliza habari za mama, kisha akauliza akiwa tayari anageuka kuondoka, "Lile umeandika?"

"Nimeandika," nikasema.

Nilijiambia si uongo. Maneno yalikuwepo, kwenye daftari. Kilichobaki ni kuyahamisha.

"Mungu akubariki," akasema, akaenda.

Saa tisa na dakika kumi na mbili nilikuwa na sentensi tatu nilizoziamini. Nilipoanza kuzichapa, kisanduku kilikuwa cha kijivu. Hakikupokea herufi. Siku moja, kwa mfumo ule, ni saa ishirini na nne tangu kosa lilipotokea. Nilibonyeza, nikabonyeza. Niliifungua kompyuta upya. Niliandika barua pepe kwa waliotufungia mfumo, nikaambiwa kwa adabu kwamba ukurasa ukishajifunga unakwenda kwa mteja kama ulivyo.

Ulikuwa umekwenda mtupu.

Jumatatu baba mkubwa aliitwa ofisini. Niliitwa na mimi, kwa kuwa ndiye mwenye kumbukumbu. Meneja alikuwa na karatasi iliyotoka kwa mteja. Alimweleza baba mkubwa kwamba ni alama ya tatu, na kwamba hana namna.

"Lakini maelezo mmeyasoma?" baba mkubwa akauliza. "Nilisogea kumpisha mwenye tenki. Binti aliandika."

Meneja akaigeuza karatasi ili yeye aione. "Hapa hakuna kitu, mzee. Sehemu ya maelezo iko wazi."

Baba mkubwa alivaa miwani yake. Aliitazama karatasi ile muda mrefu kuliko inavyohitaji karatasi tupu. Kisha alinitazama mimi, mara moja tu. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na habari za saa ishirini na nne, za daftari, za mlango uliorudishiwa nusu, na sikujua ipi ianze.

"Labda mimi ndiye sikumweleza vizuri," akasema. "Nilimpigia simu nikiwa na haraka. Mtoto hana kosa."

Akavua miwani. Meneja akaniangalia kama anayengoja nikubali au nikatae. Nilitazama sakafu. Kulikuwa na punje za mchele kwenye ufa wa saruji, na nikazihesabu.

Walimpa kazi ya yadi, ya kuyapanga malori yanaposubiri kupakia. Alifanya wiki mbili. Nilimwona kupitia dirishani akipanda kwenye gari, akilirudisha nyuma hadi kwenye ghala, akishuka. Madereva wenzake walimwita kwa heshima ileile, ila walikuwa wameacha kumtania, na nadhani hilo lilimuuma zaidi. Wiki ya tatu aliandika barua ya kuacha kazi. Aliileta kwangu niipeleke kwa meneja, na ilikuwa na mistari miwili.

Gari lake akapewa kijana wa miaka kama yangu. Hana alama hata moja. Anapumzika dakika thelathini na moja, kila mara, na nukta yake haihami hata kidogo. Siku hizi hakuna nukta inayohama. Mmoja wa madereva aliniambia kwamba Doma watu wanakaa kwenye nafasi zao kama mawe, na anayekuja baadaye anaendelea mbele akitafuta pengine. "Sasa mtu unasogeaje, dada? Ukisogea unaanza upya. Unamwonyesha tu ile taa ya njano, anaelewa."

Nilikwenda kwa meneja mwezi mzima baadaye, na barua ya kurasa nne. Nilieleza habari yote ya Doma, nikaomba ukurasa ufunguliwe. Alisoma bila kunikatiza. Mwisho akaiweka mezani, akaweka kiganja juu yake.

"Haufunguki," akasema. "Nimeshajaribu. Wiki ileile nilimpigia mteja, wakasema wanafuata kilichoandikwa."

"Kingeandikwa wangekubali?"

"Sijui. Foleni walikataa. Hii ingekuwa na nafasi nzuri, kwa sababu kibao cha hifadhi kila mtu anakijua." Akaondoa kiganja juu ya barua. "Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa masafa. Ungeniandikia maneno matatu tu, 'alisogea kumpisha mwenzake', ningeelewa, na ningewapigia kabla haujajifunga. Mbona hukuingia? Mlango ulikuwa wazi."

Sikumweleza kuhusu mlango. Katika hofu zangu zote, ile niliyoiamini kuliko nyingine, ya kumwogopa yeye, ilikuwa haina mtu ndani yake.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya kwanza, nilikwenda kwake Lumemo. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Alikuwa uani peke yake, amevaa kaptula na kofia ya zamani ya kampuni, anageuza mpunga ulioanikwa juu ya turubai. Alikuwa akiutandaza kwa nyayo, akiburuza mguu mmoja baada ya mwingine, mistari inabaki nyuma yake. Mkewe alikuwa bado kanisani, kwenye kikao cha jumuiya.

"Karibu, mama. Vua viatu kama unataka kuja huku."

Nikavua. Nikasimama pembeni ya turubai.

"Baba mkubwa, siku ile sikuandika."

"Najua."

"Nilikuambia nimeandika."

"Na hilo najua. Si ulikuwa unaongea na mimi?"

Aliendelea kuburuza miguu. Alifika mwisho wa turubai, akageuka.

"Ulikuwa unaogopa nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio, sentensi ya kwanza niliyoifuta na kwa nini, ya pili, ya tatu, dakika arobaini na arobaini na moja, swali la meneja, mlango. Nadhani nilisema kwa muda mrefu, kwa sababu alikuwa ameumaliza mpunga wote na kurudi alipoanza. Alisimama mbele yangu akijifuta shingo.

"Yote hayo uliyawaza siku moja?"

"Siku moja na nusu."

Alicheka kidogo, kicheko cha puani, kisha kikaisha.

"Unajua mimi nilidhani nini? Nilidhani uliona aibu kunitetea, kwa kuwa watu wangesema ni baba yako mkubwa. Nikasema sawa, mtoto ana kazi yake, ailinde. Hilo nililielewa. Ndiyo maana nilikufunika mbele ya mama yule." Akakung'uta kofia. "Kumbe ulikuwa unatafuta maneno mazuri."

"Nisamehe, baba mkubwa."

"Nimekusamehe zamani. Ningekuwa sijakusamehe, ungeambiwa na wengine, siyo mimi. Lakini usiniombe niseme haikuwa kitu. Ilikuwa kitu. Nilikuwa na miaka mitatu hivi ya usukani imebaki, nilijua hata safari ya mwisho nitapita wapi, nitamuaga nani. Iliishia kwenye kile kisanduku chako."

Upepo uligeuka kutoka upande wa milima. Udzungwa ilikuwa imeshafunikwa, nyeusi mpaka chini, na harufu ya mvua ikafika kabla ya mvua yenyewe. Akatazama juu.

"Shika pembe hiyo," akasema.

Nikashika. Tukaukunja mpunga kuelekea katikati, yeye upande wake na mimi wangu, haraka, matone ya kwanza yakitupiga mgongoni. Nilikuwa bado na maneno mengi niliyotoka nayo nyumbani. Hakuuliza kama yapo, na kazi ilikuwa haingoji, kwa hiyo nikainama nikavuta.